Damu ya Sikudhani

Bi Mwanaheri alikwenda maabara mchana kuomba damu ya marehemu bintiye Sikudhani imwagwe, mtoto apate kupumzika. Malaria ilimchukua masika yaliyopita, lakini damu yake ilikuwa bado imegandishwa kwa ajili ya utafiti.

Mtafiti alimwonyesha kisahani chenye vishimo. Humo alikuwa ametandaza protini za ganda la kimelea cha malaria, kisha akaongeza damu ya Sikudhani.

"Kinga ikimtambua adui, rangi hutokea," alisema, akidondosha dawa ya mwisho.

Kishimo kikaanza kuwa cha manjano, taratibu, kama kitu kinachoamka.

"Bado anapigana," mama alinong'ona, akikiinamia kisahani.

"Ni kingamwili tu, mama, mabaki ya kinga yake. Niimwage?"

Bi Mwanaheri alikikinga kisahani kwa viganja vyake, na manjano yakazidi kukolea katikati ya vidole.