Kijiko cha Pilipili Manga

Keki ilikuwa inawasha. Merle aliacha kutafuna, kipande kikiwa bado ulimini, mbele ya meza ya mashindano kwenye maonyesho ya mji wao mdogo jimboni Queensland.

"Vipi, Mama? Umeshaogopa kwamba leo nakushinda?" binti yake akamtania. Keki aliioka yeye binti.

Pilipili manga. Hakuna mpishi mwenye akili timamu anayeitia kwenye keki ya matunda. Merle mwenyewe hajawahi. Aliiandika tu, kijiko kizima, kwenye mapishi yake aliyoyafungia ndani ya kompyuta, ili mtu akichungulia na kuyapika, ladha imuumbue. Alikuwa amemtegea jirani, yule anayekuja kuazima kompyuta kila Jumanne.

Kufuli lenyewe aliwekewa na binti huyuhuyu. "Neno la siri andika mwenyewe, Mama. Mimi naangalia ukutani. Sitaki hata kulijua."

Mapishi angempa binti bure, angeomba tu. Lakini kwenye folda ileile, chini ya mapishi, ilikuwamo barua ya daktari wa Brisbane, ambayo Merle hakumwonyesha mtu. Miezi sita ya kuishi, ilisema, labda saba.

Binti hakuwahi kumuuliza habari za afya. Ila juzi alikuja na futi kamba, akapima madirisha yote ya sebule ya Merle, kama anayetaka kushona mapazia ya nyumba yake mwenyewe, huku akipiga mluzi.

"Sema basi, Mama. Imepungua nini?"

Merle akameza.

"Haijapungua kitu, mwanangu. Umesoma kila nilichoandika."