Mwangwi wa Bibi Mwanaheri

Wananchi watukufu, leo ubongo wa bibi yangu, Mwanaheri, ulipimwa kwa heshima zote za taifa! Ila aliyelala ndani ya mashine, kajigubika kanga yake, nilikuwa mimi.

Kila mzee lazima apimwe. Madini ya chuma yakizidi ubongoni, dalili ya usahaulifu, mwangwi ambao ubongo huirudishia mashine hufifia upesi, naye mzee hupelekwa Nyumba ya Utulivu, asirudi.

"Shikamoo, bibi," alisema mpimaji. "Mwangwi wako mrefu ajabu!"

"Marahaba, mwanangu," nilikwaruza sauti.

"Ila nyuzi za ubongo nyuma ya paji hazijamaliza kuvikwa mafuta yake. Miaka sabini, bibi, na bado unabalehe?"

Nilifunua kanga.

"Shikamoo. Mimi ni Shaweji, mjukuu wake. Bibi yuko nje. Anadhani tumekuja kupima macho."