Jicho la Dereva

Siku hizi gari haliwaki mpaka jicho la kwenye dashibodi limkague dereva na kuridhika kwamba yuko macho. Kampuni za kutengeneza macho hayo zimeota kama uyoga. Kikundi chetu cha akina mama wa Moshi kilikuwa njiani kwenda harusini, tumevaa sare aliyotuchagulia Ndeshi, tukibishana tununue hisa za kampuni ipi.

"Kope ndiyo baba lao," alisema Ndeshi, akiendesha. "Hili hapa ni la kwao."

"Kesho atakuja mwingine na la bei chee, hisa zenu zidode," akajibu Eliwaza kutoka kiti cha nyuma.

Tulimzomea mpaka akainua mikono. "Haya jamani, nimekubali!"

"Abiria wa nyuma kushoto hajakubali," likasema jicho kwa upole.

Gari zima likaangua kicheko. Kumbe linasoma hadi viti vya nyuma! Nani ataliweza?

"Sasa ndiyo nimekubali," Eliwaza akasema, akijifuta machozi ya kicheko. Jicho likanyamaza. Tukapitisha palepale: Kope.

Ndeshi akatutazama kwenye kioo, akitabasamu. "Na hii sare, mmeipenda?"

Sote tukageuzia nyuso madirishani.