Milima Miwili ya Bwana Hauser

“Mgeni asipofika, huko watamtafuta?” Febronia aliuliza.

Bwana Hauser aliinua macho kutoka kwenye picha alizozitandaza juu ya meza ya ofisi. Zilikuwa za milima miwili ya Ulaya, achague mmoja kwa likizo: milima myeupe, watu wenye miwani mikubwa, nyumba za mbao zilizofunikwa na theluji. Alikuwa mkuu wa mgodi, na alikuwa ameishi upande huu wa Geita muda mrefu kiasi cha kusema Kiswahili bila kutafuta maneno.

“Hochried watamtafuta,” alisema. “Kule unaweka nafasi mapema. Wanakuja kukupokea stesheni. Usipoonekana, wanapiga simu mpaka kwa mwajiri wako.”

“Na huku kwingine?”

“Grauental? Vibanda tu, juu kabisa. Unafika, unachukua kitanda kilicho wazi, unalipa ukiondoka. Hakuna anayekuuliza jina.” Akabusu ncha za vidole vyake. “Lakini theluji yake, Mama Limi! Laini kama unga wa muhogo.”

Karibu na mlango ulisimama ubao wake mpya, mrefu, mwekundu, wa kusimamia kwa miguu yote miwili na kuteremka nao mlima mzima wa theluji. Ulikuwa umekuja kwa meli. Mihayo, mlinzi wa lango, alipoupokea aliuliza kama ni mlango wa choo au ubao wa kupigia pasi.

Febronia, ambaye wengi walimwita Mama Limi, alikuwa mpiga chapa wake. Kabla ya hapo alikuwa mke wa Pantaleo, mchimbaji, aliyefukiwa na kifusi katika shimo la zamani. Siku ile wenzake walisikia mtu anagonga huko chini: mara tatu, kimya, mara tatu tena. Kwa wachimbaji maana yake ilikuwa moja tu: niko hai. Bwana Hauser alisimama mdomoni mwa shimo, mikono mfukoni, akasikiliza. Kisha akasema, “Ni mwamba unatulia tu,” akawaamuru watu warudi kazini.

Pantaleo alibaki mle mle. Watu wakaacha kupita pale, kwa kuogopa mtu asiyezikwa. Ni Bwana Hauser peke yake aliyelifaidi shimo lile: aliweka mfuniko wa chuma, na chini yake akaficha dhahabu aliyoinunua kwa magendo. Kila alipokwenda likizo alipita kuichukua. Aliteremka mwenyewe, maana hakumwamini mtu.

Mjane huyo Bwana Hauser alimpa kazi kwa sababu masista wa Ushirombo walikuwa wamemfundisha kupiga chapa. Alijiona ametenda wema mkubwa. Hakuwahi kuuliza kama marehemu alikuwa na ndugu. Jilala, dereva aliyemwendesha kila siku, alikuwa mdogo wake Pantaleo.

“Hiyo theluji,” Febronia aliuliza, “hufukia watu?”

“Ikiporomoka, ndiyo.”

“Wanafukuliwa?”

“Hochried wana mbwa wa kunusa. Wana king’ora. Kijiji kizima kinatoka na sepetu.” Akaivuta picha ya pili karibu. “Grauental hakuna kitu. Ukifukiwa, umefukiwa.”

Febronia alimtazama usoni. Alimpa nafasi ya kusikia alichokisema. Bwana Hauser alikuwa anatafuta kiberiti.

“Nenda Grauental,” Febronia alisema taratibu. “Mtu akiwa likizo asisumbuliwe na simu.”

“Unaona! Mke wangu alikuwa anang’ang’ania Hochried kila mwaka. Ndiyo maana tuliachana.” Akazikunja picha za Hochried, akazitupa kapuni. “Bandika tangazo mlangoni. Niko milimani, sipatikani, nitarudi masika.”

Jioni, Jilala alipita kwa shemeji yake. Alimkuta jikoni anasonga ugali.

“Amechagua upi?”

“Ule usio na mbwa.”

Jilala aliacha kunawa mikono. “Shemeji, na huo mlima usipoporomoka?”

“Kula kwanza,” Febronia alisema. “Kesho una safari.”

Alfajiri Bwana Hauser aliagana na watu langoni. Ubao mwekundu ulikuwa umefungwa juu ya Land Rover, Jilala alikuwa kwenye usukani, na yeye alivaa koti zito la sufu, jasho likimtiririka kabla hata jua halijachomoza.

“Bwana, usije ukaanguka na huo mlango!” Mihayo alimtania.

“Nikianguka, nitaangukia pamba tupu!”

Watu wakacheka. Hata Febronia alicheka, akampungia mkono mpaka gari likapotelea kwenye vumbi la njia ya Mwanza. Kisha akaingia ofisini, akapiga chapa barua zilizobaki, akafunga mashine na kuifunika kwa kitambaa chake.

Baada ya kazi alichuma maua nyuma ya kanisa, akaenda shimo la zamani. Hakuwa amefika tangu siku ile. Alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba hatampelekea Pantaleo maua kabla hajampatia haki yake.

Juu ya mfuniko wa chuma palikuwa na mawe mapya, yamepangwa vizuri, makubwa chini na madogo juu. Jilala alikuwa amekaa juu yake, shati limelowa. Pembeni, kwenye majani makavu, ulilala ule ubao mwekundu.

Febronia aliweka maua juu ya mawe, akapiga ishara ya msalaba.

Chini kulisikika kugonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Jilala alisimama. “Shemeji, unasikia?”

Febronia aliinama, akasikiliza vizuri, bila haraka.

“Ni mwamba unatulia tu,” alisema.