Panga Foleni

Siku ya tatu tangu dhoruba iangushe nguzo za umeme, Zamda aliegesha sokoni kigari chake kipya cha umeme, cha bei nafuu, chenye soketi ya kutoa umeme nje. Watu wakapanga foleni kuchaji simu zao.

Mara ikasimama pikapu ya Mwinshehe, mwenye kituo cha mafuta. Akashuka ameshika waya mrefu.

"Dada Zamda, mama yumo humu na mashine yake ya oksijeni. Betri imebakiza dakika kumi. Petroli ya jenereta ninayo tele chini ya ardhi, ila pampu hazina umeme!"

"Wiki iliyopita ulikiita nini kigari hiki?"

"Pasi yenye magurudumu."

"Na mwaka juzi, nilipokuja kituoni kwako mume wangu akitapika damu kiti cha nyuma, uliniambia nini?"

Mwinshehe aliinamisha kichwa. Soko zima lilikumbuka, maana Chande, mume wa Zamda, alifia palepale, gari la nne kutoka kwenye pampu.

"Sema, hawa wasikie."

"Nilisema... panga foleni, mama."

"Basi panga."

Akaenda mwisho wa foleni. Muuza nyanya aliyekuwa wa kwanza akachomoa simu yake, akasogea kando. Wa pili akafuata. Wote wakampisha, mpaka kati yake na gari pakawa hapana mtu.

Lakini Zamda alikuwa ameshafunika soketi kwa kiganja. Ndani ya pikapu mashine ikaanza kulia, pii, pii, na kiganja kilikuwa bado palepale.