Dishi la Mama Kokoto

Shemeji yake alimpa hadi Ijumaa awe amehama. Ijumaa hiyo asubuhi Mama Kokoto alikuwa juu ya ngazi, nati mbili ameziuma kwa meno, spana mkononi, anafunga dishi kwenye ukuta wa mbele wa nyumba.

Fundi wa madishi, mwenye kibanda pale njia panda, alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili. Hakuitwa. Alikuja mwenyewe, maana hakutaka isemwe mtaani kwamba alimuuzia mjane dishi likamuua.

"Shuka, mama, nikufungie mimi. Dakika ishirini tu."

"Nilikuomba unifundishe, ukakubali," alijibu kwa pembe ya mdomo. "Sasa mwache mwanafunzi afanye mtihani."

Jina la Mama Kokoto hakulipata kwa utani. Kokoto zote za msingi wa nyumba ile alizigonga yeye, kwa nyundo, mwaka mzima, mumewe akichanganya zege. Walijenga chumba kimoja wakahamia, wakaongeza cha pili, kisha cha tatu na kibaraza. Mumewe alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, shemeji akatangaza kwamba nyumba ni ya ukoo wao.

"Ulikuja na sanduku la nguo," alimwambia. "Ondoka na sanduku lako la nguo."

Mama Kokoto alikwenda mahakamani, akaambiwa shauri lake litasikilizwa mwezi ujao. Lakini mwezi ni mrefu, na nyumba tupu huuzwa kwa siku moja.

Basi akaenda kibandani kwa fundi. Akachagua dishi la mtumba lililoshikwa na kutu, akalisugua na kulipaka rangi nyeupe hadi likawa kama sahani ya harusi. Alisema anataka la kunasa chaneli za bure. Siku tatu mfululizo akakaa pale kibandani, mikono mapajani, akiuliza kila kitu: boliti hii ya nini, kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinatazama wapi, kwa nini hili limeinuka na lile limeinama. Fundi alidhani atachoka. Hakuchoka.

Sasa aliteremsha timazi ya marehemu mumewe kando ya nguzo ya chuma ya dishi, iliyofungwa ukutani. Uzi ulitulia. Nguzo ilikuwa wima.

"Hapo sawa," fundi alikiri. "Nguzo ikipinda, hata uzungushe hadi kesho, setilaiti huipati. Haya, niambie, televisheni yako ni bapa au ile ya zamani ya chogo? Nijue waya wa kukuletea."

"Mwanafunzi hajafika somo hilo."

Alichomeka waya kwenye kipimo kidogo cha mawimbi alichoazimwa na fundi, akakining'iniza shingoni, akaanza kulizungusha dishi polepole, kila mara unene wa ukucha. Kipimo kikalia kwa sauti nyembamba, kama mbu. Akalisogeza tena. Mbu akatoweka. Akarudi nyuma nusu ya ukucha.

Gari likasimama mbele ya nyumba. Shemeji alishuka, na nyuma yake akashuka mwanamume mnene mwenye bahasha kwapani, akiitazama nyumba kuanzia paa hadi msingi kama mtu anayechagua ng'ombe.

Macho yake yakafika kwenye ngazi.

"Huyu nani?"

"Ni mtu anamalizia kutoa vitu vyake," shemeji alisema haraka.

"Anatoa? Mbona naona anafunga."

Mama Kokoto hakugeuka. Alitema nati moja kiganjani, akaikaza. "Karibuni," alisema. "Samahani kwa kuwapa mgongo. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Shemeji, shuka hapo," alisema shemeji, sauti ikianza kupanda. "Unafunga dishi la nini wewe?"

Hapo ndipo alipogeuka. Akamtazama kutoka juu, bila kupepesa.

"La kutazamia habari, shemeji. Dishi watu hufunga la nini? Au kuna jambo unataka kumwambia mgeni wako? Sema tu, asikie."

Shemeji alipiga hatua moja kuelekea ngazi. Akamtazama mnunuzi. Akarudi nyuma.

Mama Kokoto akarudia kazi yake. Akalisukuma dishi kidogo tu, kwa kidole gumba, na kipimo kikalia kwa nguvu, mfululizo, kikasikika hadi nyumba ya nne. Akakaza nati ya mwisho hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

Mnunuzi alikuwa amekwisha kurudi garini.

"Uliniambia nyumba ni tupu," alimwambia shemeji kupitia dirishani. "Mimi nina mambo yangu mengi, sitaki kununua kesi. Mtu anayehama hafungi dishi."

Shemeji alibaki ameshika kitasa cha mlango wa gari. Akamtazama mwanamke yule juu ya ngazi, akalitazama dishi linalong'aa juani, akapanda bila kuaga. Gari likageuza, likaondoka.

Fundi alicheka hadi ngazi ikatikisika. "Mama, umefaulu. Mawimbi yamejaa tele. Twende ndani nikutafutie chaneli, tuone picha."

"Ahsante, mwanangu. Ya ndani niachie mwenyewe."

Alimrudishia kipimo chake, akamshukuru kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akaingia ndani, akatia komeo. Waya akaupitisha dirishani, akauvuta hadi kwenye meza ndogo ya kona, akaulaza juu yake taratibu, juu ya vumbi lililozunguka mraba mmoja safi. Televisheni ilibebwa na shemeji siku ya tatu ya msiba.