Usingizi wa Papa Casimir

Asubuhi ile Delphine alimtikisa Papa Casimir, akamtikisa tena, na mzee hakufungua jicho. Alipumua, lakini pumzi yenyewe ilitoka mbali, kama ya mtu aliyebaki chini ya shimo.

Ni Delphine aliyempa dawa ya usingizi jana jioni. Nusu kidonge. Au mkono wake ulikosea? Katika nyumba ile ya wazee ya Kikula muuguzi alikuwa yeye peke yake, na nyumbani alikuwa na mtoto wa kunyonya. Mzee akifa, askari watakuja kwake moja kwa moja.

Jioni hiyo hakumpa kitu. Papa Casimir, aliyekuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji huko Kamatanda, akaanza kulia: "Philippe, Germain, tokeni, jiwe inaanguka." Wazee wote wa chumba, Philippe na Germain wakiwa kati yao, wakakaa vitandani, macho wazi.

Kesho yake mzee alikuwa amelala zaidi ya jana, mate yakimtiririka.

Hapo Delphine akamkumbuka Sista Hortense, mwenye ufunguo wa kabati la dawa. Si yeye aliyesema, "Ule muzee anasumbua benzake, heri alale"?

Akamwendea. "Ma sœur, uko unamupa Papa Casimir dawa?"

"Miye? Dawa yake iko mu mikono yako, citoyenne. Akikufa, ni weye utajibu."

Jioni Delphine aliwagawia wazee vidonge vyao vya usingizi. Papa Philippe akatia chake mdomoni, akamtolea ulimi. "Hesabu na meno, mama. Iko mbili tu."

Delphine hakuweza kucheka. Alijifanya anaondoka, akasimama nyuma ya pazia.

Sista Hortense akaingia na kikombe cha uji, akakiweka kando ya Papa Casimir, akatoka.

Delphine alikuwa anakaribia kukirukia, kitanda kikalia. Papa Philippe alikuwa amesimama. Akaingiza kidole shavuni, akatoa kidonge, akakitia ndani ya uji. Papa Germain akafuata. Kisha wengine, mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu waliofika matangani.

Delphine akakinyakua kikombe.

"Polepole, mama, utamwanga uji," Papa Philippe akasema. "Ni cotisation. Kapita yetu anakosaka usingizi, basi tunamuchangia. Kama uko na yako, weka."